Uso Safi, Mibuni Ukungu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimefika ofisini wa kwanza, kama kawaida, na kukuta picha aliyopiga mwenzangu Winston iko ukutani. Iko kwenye fremu, nyuma ya meza ya meneja. Picha yangu ya siku hiyo hiyo ipo pia. Imewekwa chini ya chupa ya chai ili meza isiungue.

Wote wawili tulipiga picha ya mkutano mkuu wa ushirika. Mimi nilitumia lensi iliyokuja na kamera ya ofisi. Nilisimama karibu, nikaifungua mpaka mwisho wa upana wake, na watu wote wakaingia. Sikujua kwamba wa pembeni huvutwa. Mama Anonciata, meneja wetu, alikuwa pembeni. Kichwa chake kimekuwa kama papai na fremu ya mlango nyuma yake imepinda kama ubavu wa pipa. Aliponiita aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ndivyo ninavyomwona kila siku. Nikasema hapana, Mama. Kisha, kwa hofu, nikasema mara chache.

Winston ana lensi yake mwenyewe ya milimita hamsini. Alirudi nyuma mpaka barabarani akapiga mara moja. Milango imenyooka, vichwa ni vya kawaida. Mtu yeyote angeweza kurudi nyuma.

Mikataba yetu ya muda, wake na wangu, inaisha tarehe thelathini na moja. Nafasi ya karani wa kumbukumbu ni moja. Usiku sitalala.

Jumanne, 15 Julai

Kokubanza wa mapokezi ameweka WhatsApp picha aliyopigwa na Winston. Kila kope inahesabika. Nyuma yake kila kitu kimeyeyuka, kijani laini na viduara vya mwanga, kama bustani ya hoteli ya nje ya nchi. Nimeitazama mara tisa. Najua pale ni wapi. Ni choo cha ofisi.

Nilimwambia kwa utulivu kwamba choo hakionekani hata kidogo. Nilikusudia kusifu. Akaniambia, Melkiory, ndiyo maana wewe unapiga picha za chupa ya chai. Tangu hapo hanisalimii.

Mchana Mama Anonciata akagawa kazi. Mnunuzi mpya wa kahawa anataka daftari la wanachama, kila mmoja apigwe picha kibanjani, shambani kwake, pamoja na mibuni yake. Winston apewe wanachama wa kijiji cha Ndama, mimi wa Kituntu. Akasema atakayefanya vizuri ataonekana, na nafasi ipo. Nikaandika maneno hayo. Akaniuliza kwa nini naandika. Nikaandika na hilo.

Nimeshajua la kufanya. Nahitaji ukungu wa nyuma kama wa Winston. Ukungu zaidi ya wa Winston.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kwa Tariq mwenye studio karibu na stendi ya Kayanga. Ana lensi ya hamsini kabatini. Alikubali kuniazima lakini alitaka dhamana. Nikamwachia cheti changu cha kidato cha sita. Alikisoma chote, bila haraka, akasema kwa alama hizi za Jiografia anashangaa nimeipata studio yake.

Akaanza kunifundisha. Lensi hii haivuti wala haisukumi, ukitaka kukaribia tumia miguu. Halafu namba. Kwenye 1.8 tundu lake limefunguka kabisa, aliyesimama mbele anabaki safi na nyuma panapotea. Lakini ukienda kwenye nane... Hapo nikamwona Winston anapita barabarani. Nikajificha nyuma ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambalo Tariq hupigia picha za maharusi. Nilipotoka, Tariq alikuwa anamhudumia mtu mwingine.

Haidhuru. Namba niliyoitaka nimeipata.

Alhamisi, 17 Julai

Kituntu. Nimeanza kwa Mzee Habumugisha. Nikamwamkia shikamoo, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, nikatafuna punje tatu kwa adabu huku nikimwangalia mbwa wake. Mzee alikuwa ameamka alfajiri kupalilia. Amekata matawi makavu, amefagia majani ya migomba, mibuni imesimama mistari kama wanafunzi wa gwaride.

Kwa lensi hii aliingia kifua tu. Nikarudi nyuma hatua mbili. Bado. Nikarudi nyingine nne. Hatua ya saba ilikuwa shimo la kuvundikia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilizama mpaka kwapani ndani ya ndizi na majani ya moto, mkono wa kamera nimeuinua juu. Nilivutwa na wakwe zake wawili. Mmoja alisema angalau nimeiva.

Basi nikabaki na kifua. Namba 1.8. Picha ni nzuri mno. Kila mvi ya Mzee ni waya wa fedha. Nyuma, kijani kimeyeyuka kama samli.

Mzee aliitazama sana. Akauliza mibuni yake aliyoipalilia tangu alfajiri iko wapi. Nikamweleza kwamba siku hizi mkulima ndiye muhimu. Akasema hapana, waitu, ndugu yangu, mibuni ndiyo iliyosomesha watoto wanne, yeye alikuwa anaifagilia tu. Kama ni mmoja wa kufutwa, bora ningemfuta yeye.

Wazee hawaelewi sanaa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemaliza. Watu thelathini na wanane, nyuso thelathini na nane safi, hakuna hata jani moja la kusumbua macho. Bibi Nikuze, wa mwisho kwenye orodha, alifurahi sana. Alisema amekuwa kama wale wanaosoma taarifa ya habari, akataka mabinti zake wote walioolewa watumiwe picha hiyo.

Jioni Winston akanikuta nakwangua ndizi kwenye mkoba. Aliona picha moja kabla sijafunika kamera. Akaniuliza, kaka, hii umepiga kwa namba ngapi. Nikaendelea kukwangua. Akasema yeye kwa kazi hii amefunga tundu mpaka nane, ili mibuni ionekane jani kwa jani.

Nikamshukuru. Wivu ni kitu kibaya. Yaani mtu anaona kazi yangu jioni moja tu na tayari anatafuta njia ya kuiharibu.

Jumatatu, 21 Julai

Naandika mlango nikiwa nimeufunga kwa ufunguo.

Mama Anonciata alifungua picha zangu kwenye kompyuta mbele ya wote. Ya kwanza akaipita. Ya kumi akaipita. Ya ishirini akauliza kahawa iko wapi. Nikasema nyuma, Mama. Akauliza nyuma ya nini. Akamwita Kokubanza, akamwambia ataje mmea anaouona. Kokubanza akasogea, akarudi nyuma, akasema labda mchicha. Mama akasema kwake inaweza kuwa migomba, msitu, au shuka la kijani lililoanikwa, na mnunuzi hakuomba pua za wanachama, ameomba mibuni.

Kisha za Winston. Mbaya kweli kweli. Watu wamekunja uso kwa jua, mbuzi wanapita, ndoo, kamba za nguo. Lakini mibuni unaihesabu.

Mama akasema haoni sababu ya kusubiri tarehe thelathini na moja. Nikaishika meza. Ndipo Winston, bila kuombwa, akasema nipewe siku chache nirudie. Akasema hata yeye aliwahi kupiga harusi Muleba kwa 1.8 na baba wa bibi harusi akatoka kama moshi, familia haijamsalimu mpaka leo. Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Nimepewa mpaka Alhamisi.

Huruma yake siwezi kuimeza. Hata kukosea, alianza yeye.

Jumanne, 22 Julai

Nimerudi Kituntu. Namba nane. Mzee Habumugisha aliwaweka wakwe zake kwenye ukingo wa shimo kabla hajakubali kusimama. Amepalilia tena. Alipoiona picha alihesabu mibuni yake kwa kidole, mmoja mmoja, akasema leo nimekuja na macho.

Watu ishirini. Picha ni sahihi. Hazina uzuri wowote.

Jumatano, 23 Julai

Mpaka saa nane mchana nilikuwa na watu thelathini na saba. Amebaki Bibi Nikuze, na kazi yangu imeokoka. Nilihisi kitu kama furaha.

Bibi Nikuze nilimpiga kwa nane, akaiona, akaikataa. Alisema ile ya kwanza ndiyo yeye, na mabinti wameshaionyesha kanisani. Katika hii mpya kuna banda la kuku na gauni lake la ndani kwenye kamba. Akaniuliza, mwanangu, nimekukosea nini.

Nikafikiri. Mmoja kati ya thelathini na wanane, tena wa mwisho. Na katika kazi yote ya Winston hakuna uso mmoja kama huu. Nikarudisha 1.8. Nikapiga. Nimeitazama mpaka machozi yakanilenga.

Lakini daftari lenye picha moja nzuri na thelathini na saba mbaya lingeonekana halina mpangilio, na mimi ni mtu wa mpangilio. Jua lilikuwa bado liko juu. Nikafuta zile nyingine zote, nikavuka uzio wa Bibi Nikuze, nikamwita jirani yake atoke tena.