Njia ya Kushukia Koboko

Ofisi yetu ina furaha kuwatangazia wananchi wote wa West Nile kwamba barabara ya juu ya Koboko imekamilika, na kwamba ucheleweshaji wa miaka sita uliojitokeza ulipangwa vizuri. Mimi, Yugu, nilikuwa katibu wa kamati ya usanifu tangu kikao cha kwanza. Nina faili zote. Naeleza mambo yalivyokwenda ili watu waache kusema ovyo stendi.

Tatizo lilikuwa zito. Pale Koboko zinakutana barabara tatu: inayotoka Arua, inayokwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, na inayoelekea Kongo. Sisi Uganda tunaendesha kushoto. Wenzetu wa Sudan Kusini na Kongo wanaendesha kulia. Kwa miaka mingi madereva walimaliza jambo hili wenyewe kwa kupiga honi na kutoa mkono dirishani, utaratibu usio na kumbukumbu yoyote ya maandishi. Mkurugenzi wetu, Mhandisi Alionzi, aliona aibu hiyo haivumiliki. Akaamuru magari yabadilishane upande yakiwa hewani, juu ya daraja.

Mwaka wa kwanza tulijadili kushoto. Mwaka wa pili, kulia. Mwaka wa tatu tukarudi kushoto, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa likizo mara ya kwanza na walidai haki yao.

Mchoro ulipokuwa tayari tuliitisha mkutano wa wananchi. Akasimama Driciru, mama anayekaanga mihogo pale makutano. Aliuangalia mchoro muda mrefu, akiufuata kwa kidole chenye mafuta.

"Mzee, mimi nauliza tu. Mutu ya Arua nateremuka Koboko wapi?"

"Mama, hilo ni swali la kiufundi," alisema Mkurugenzi.

"Sawa. Lakini gari napita juu, mimi iko chini na mihogo. Nitarusha?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alieleza kwa upole kwamba utafiti umeonyesha watu wa Koboko tayari wako Koboko, kwa hiyo hawana haraka ya kufika. Njia ya kushukia itajengwa Awamu ya Pili.

"Na mugonjwa?" Driciru hakukaa. "Dada yangu iko na mutoto mugonjwa kule njia ya Arua. Ataruka?"

Niliandika kwenye kumbukumbu: "Wananchi waliupokea mradi kwa hisia."

Nikiri jambo moja. Usiku sikulala vizuri, na kesho yake nilimpelekea Mkurugenzi fomu ya Awamu ya Pili. Ilihitaji sahihi moja tu. Akasema niiweke kwenye faili mpaka kamati ikae. Kamati ilikuwa inakaa kila wiki, lakini kwa ajili ya mambo mengine.

Siku ya ufunguzi tuliondoka Arua asubuhi na mapema, king'ora mbele. Mkurugenzi alikuwa na koti jipya na hotuba ya kurasa kumi na nne. Tulipanda daraja kama tunapaa.

"Bosi," alisema dereva wetu, Shafik, "Koboko iko chini."

Tukachungulia. Ilikuwa chini kweli. Tuliona mahema, viti vyeupe, utepe, na bendi ya shule. Bendi ilipotuona ikaanza kupiga. Mkurugenzi akapunga mkono. Watu wote wakapunga. Kisha wakaanza kuwa wadogo.

"Shuka," alisema Mkurugenzi.

"Wapi, bosi?"

"Basi geuza!"

Shafik akaonyesha ukuta wa saruji katikati ya barabara, unaofika kifuani, usio na pengo mpaka mpakani.

"Mpumbavu gani alichora ukuta huu?"

Nikafungua faili. "Ni wewe, mzee. Kikao cha arobaini na moja. Ulisema dereva akipewa nafasi ya kugeuza, ataanza kufikiri."

Tukaendelea mbele mpaka Oraba. Askari waliposikia king'ora waliinua kizuizi, wakapiga saluti. Hivyo ndivyo tulivyoondoka Uganda, kwa heshima zote. Tukageuzia ng'ambo, mjini Kaya, katikati ya malori, tukarudi upande wa kuingilia. Upande huo hawapigi saluti.

Afisa wa uhamiaji wa zamu alikuwa Zuhurah, msichana mwenye hijabu iliyonyooka na kalamu mbili. "Vitambulisho."

Mimi nikatoa changu, Shafik chake. Cha Mkurugenzi kilikuwa Arua, kwenye koti la zamani.

"Binti, mimi ndiye niliyejenga barabara hii."

"Pole sana," alisema Zuhurah. "Karatasi yenye picha iko?"

Mkurugenzi akajipapasa, akapata ratiba ya sherehe, uso wake ukiwa umejaza nusu ukurasa. Zuhurah akaisoma taratibu.

"Wewe nasema wewe ni raia."

"Ndiyo!"

"Hapa wameandika Mgeni Rasmi." Akaigeuza ili sote tuone. "Wageni, laini ile."

Laini ile ilianzia dirishani, ikatoka nje mpaka juani. Mkurugenzi alisimama nyuma ya Santino, dereva wa Yei, Sudan Kusini, aliyekuwa anaingia na lori tupu kuchukua mzigo.

"Mzee naenda wapi?" aliuliza Santino.

"Koboko."

"Ai! Pole, mzee. Mimi juzi, wakati wa majaribio, nilitaka sabuni ya Koboko, nikajikuta Arua. Hii daraja nani alifanya?"

Mkurugenzi akaangalia viatu vyake. Simu ikalia. Alikuwa Candiru, mshereheshaji wetu pale kwenye mahema. "Mheshimiwa, watu wanauliza kama utapita tena juu. Bendi ijiandae?"

Mkurugenzi akairudisha simu mfukoni. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kikaoni, kama bado nina ile fomu ya Awamu ya Pili. Nilikuwa nayo. Aliitia sahihi juu ya mlango wa lori la Santino, bila kikao.

Njia ya kushukia ilijengwa kwa miezi minne. Inatua hatua ishirini kutoka kwa Driciru, ambaye sasa ana vikaango viwili na benchi. Mtoto wa dada yake hufikishwa hospitali ya Koboko kwa bodaboda bila kupitia nchi jirani.

Lakini siku ile bado tulikuwa mpakani. Zamu ya Mkurugenzi ilifika saa kumi jioni. Koti lilikuwa begani, hotuba ilikuwa kofia. Zuhurah alimpa fomu ya wageni, naye akaijaza vizuri mpaka mstari wa mwisho.

"Utakaa Uganda mpaka lini?" alisoma Zuhurah.

"Maisha yangu yote!"

Zuhurah akatikisa kichwa kwa huruma. "Mgeni, hapa nataka tarehe."