Swichi Nyekundu ya Wacuka

Jumatatu, 4 Agosti
Kompyuta imezima yenyewe tena. Katikati ya kuchapisha programu ya harusi ya Judy! Judy ni binti wa Mzee Kahiga, na Mzee Kahiga ndiye anayeamua nani achapishe karatasi zote za kanisa. Harusi ni Jumamosi. Nikiharibu, kazi inaenda kwa Wacuka, mwenye saiba, duka la kompyuta kama langu, ng'ambo ya barabara, anayechapisha huku akiimba. Siwezi kuvumilia.

Mkosaji nimempata mara moja. Ni jirani yangu Mbithi, anayechomelea mageti. Huyo ndiye anayevuta stima yote ya Kitengela!

Jumanne, 5 Agosti
Nimemweleza Mbithi kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba mashine yake inanyonya yangu. Amekubali kuchomelea jioni tu. Kimya kitamu. Kisha kompyuta ikazima. Taa inawaka, Mbithi ameketi anakula ndizi. Sijamwambia. Kelele zake zilikuwa zinanisumbua hata hivyo.

Mzee Kahiga amepiga simu kuuliza kama mashine ni nzima. Nikasema imezima. Akasikia nzima, akasema Bwana asifiwe. Sikumsahihisha.

Baadaye nimetazama video. Kumbe ni rahisi! Unachomoa pawa saplai, lile boksi la chuma linaloingiza stima kwenye kompyuta, unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi. Likiwa na afya, feni inazunguka. Feni yangu ilitikisika kama kuku aliyeshtuka, ikanyamaza. Harufu ya plastiki. Mgonjwa amepatikana.

Jumatano, 6 Agosti
Wacuka ana pawa saplai ya akiba. Nimwombe mimi? Afadhali nife. Nimemtuma mke wangu Phylis aseme ni ya Sunday school. Phylis hajui kudanganya, amesema ni yangu. Wacuka akaitoa bila kinyongo, na ujumbe mmoja: "Mwambie Muteti asiguze hiyo swichi nyekundu. Namjua."

Swichi gani? Nikatafuta. Iko nyuma, ndogo. Upande mmoja imeandikwa 230, mwingine 115. Ameiweka 230. Nimemwelewa! Anataka mashine yangu iwe inakula stima mara mbili, tokeni za mita ziishe, nifunge duka. Mwanamke mjanja huyu!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeifunga na skrubu zote. Karibu zote. Kisha nikasogeza swichi hadi 115. Nusu ya stima, kazi ile ile. Nikajipongeza kwa sauti. Nikawasha.

Mlio ulimlaza Mbithi chini. Moshi, kisha giza duka lote. Phylis akasimama mlangoni.

"Baba Kathini, umeguza?"

Nilisema hapana, huku nikiirudisha 230.

Nimeogopa kweli. Niliketi juu ya ndoo nikamwona Judy akiingia kanisani, watu mikono mitupu, na Mzee Kahiga ananitafuta kwa macho. Nililia kidogo. Moshi ulinisaidia kuficha.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi imependeza. Na programu zilikuwepo! Phylis alikuwa ameihifadhi kazi kwenye flash tangu Jumatatu, kwa sababu, anasema, anajua aliolewa na nani. Jana aliipeleka kwa Wacuka, naye Wacuka akaichapisha.

Mzee Kahiga amenishika mkono mbele ya watu, akasema kazi ni safi na karatasi za kanisa sasa ni zangu. Wacuka alikuwa nyuma yake. Angeweza kusema. Badala yake ameendelea kuimba na wengine. Imeniuma kuliko kama angenitukana. Nimemwambia Mzee asante, haikuwa kazi rahisi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeenda Kajiado kununua pawa saplai mpya kabisa. Kompyuta inawaka, haizimi. Mialiko ya akina mama wa kanisa iko mezani. Wacuka amekataa nimlipe ile yake iliyoungua. Ameomba tu nitulie.

Nitatulia. Ila kuna jambo. Hii mpya haina swichi. Nimeigeuza kila upande. Muuzaji aliniambia siku hizi zinajichagulia zenyewe, 230 au 115. Zinajichagulia! Nani amewahi kujichagulia kula kidogo? Swichi wameificha ndani. Hata wameweka kibandiko cha kukataza mtu kufungua, na hiyo ndiyo dalili.

Mbithi ameniazima bisibisi. Phylis yuko sokoni.