Neno "Karibu" Laondolewa Rasmi Mlangoni

Kwa heshima na taadhima, mimi Meneja wa Tawi nawatangazia wateja wetu watukufu kwamba kuanzia Jumatatu neno KARIBU limeondolewa rasmi kwenye mlango wa benki. Makao Makuu, yaliyoko ng'ambo, yaliomba tafsiri yake yakashtuka. Karibu na nani? Sera yetu mpya ya Mikopo kwa Kigezo cha Umbali iko wazi: aliye mbali na Makao Makuu hajulikani, na asiyejulikana hakopeshwi. Sasa mlinzi anapokea wageni kwa kusema, "Mbali, mama. Mbali sana." Wateja wameitikia vizuri. Wengi hawarudi, na tatizo la foleni limekwisha.

Wa kwanza kunufaika na sera hii alikuwa Mama Mikate, jirani yetu. Tanuri lake lilikuwa limepasuka, akaja kuomba mkopo; bila jipya angefunga duka, wanawe waache shule.

"Meneja, tunagawana ukuta," alisema. "Nikikohoa unasikia. Kila asubuhi unakula mikate yangu. Leo hunijui?"

"Mimi nakujua sana, mama. Makao Makuu ndiyo hayakujui."

"Si uyaambie? Usinizungushe!"

"Yatanisikiaje, na mimi niko huku huku?"

Akasonya, akaondoka bila kuaga. Nilimsikitikia kwa mujibu wa taratibu.

Wateja wake wakachangishana, tanuri likanunuliwa. Mchango huo haukuzingatia kigezo chochote cha umbali, kwa hiyo niliuripoti.

Makao Makuu yalinipongeza kwa umakini wangu, kisha yakaendelea kutafakari. Mshahara, yalibaini, ni fedha anazopewa mtu kwa kuaminiwa tu kwamba alifanya kazi. Kwa maana hiyo ni mkopo. Nami niko mbali. Ukasitishwa.

Nikapiga simu.

"Jamani, ni mimi! Miaka yote hii!"

"Wewe nani?" sauti ikauliza kwa adabu kubwa.

Mwisho wa mwezi nikazunguka upande wa pili wa ukuta. Mikate ndiyo kwanza ilikuwa inatoka, na njaa ilikuwa inaniuma kwelikweli. Nikaomba miwili kwa mkopo. Nikamkumbusha Mama Mikate kwamba mimi si mtu wa mbali, ananijua vizuri.

"Nakujua, baba," akasema, huku akimhudumia aliyekuwa nyuma yangu. "Ndiyo maana sikukopeshi."