Sabuni ya Kanzu Peke Yake

Jumatatu, 2 Juni
Leo nimeanza vita na kiwanda kikubwa cha sabuni hapa Jinja. Wao wana bomba la moshi. Mimi nina sufuria ya mke wangu Habibah, ile ya pilau za harusi. Sabuni yao inafua kila kitu: suruali, mapazia, mbwa. Yangu ni ya kanzu. Kanzu tu! Nani amewahi kufikiria hivyo? Hakuna. Habibah anasema labda kuna sababu.

Imamu Jibril wa Malukhu, kule Mbale, amekubali kunijaribu. Sabuni yangu itafua kanzu arobaini za waumini kabla ya Idd, Ijumaa hii. Zikitakata, duka la msikiti litauza yangu peke yake. Zisipotakata, Habibah anachukua sufuria yake na biashara imekufa.

Jumanne, 3 Juni
Nimepika. Mafuta, magadi, na ule unga wa buluu wa kung'arisha nguo nyeupe. Habibah akasema Baba Nuriat, weka chembe tu, kama chumvi ya mgonjwa. Nikamwambia mwanajeshi hapimi kwa kidole. Nimemwaga kopo zima.

Jeshini nilikuwa mpishi. Lakini watu wananiita Afande, siwakatazi.

Jumatano, 4 Juni
Asubuhi nimetuma sabuni Mbale. Kisha nikaenda kiwandani kumwonya Varun, mjukuu wa mwenye kiwanda, ajiandae kufilisika. Akanipa chai ya maziwa! Hofu hiyo. Akauliza kwa adabu, Mzee, umejaribu kwanza kwenye kitambaa? Eti wao hujaribu wiki sita. Wiki sita! Ndiyo maana wakubwa hawana mbio. Nikamaliza chai, nikaondoka. Mpelelezi yule.

Ijumaa, 6 Juni. Idd
Nimefika Malukhu mapema kupokea sifa. Safu nne za waumini. Wote buluu! Nandutu muuza chapati akauliza kwa sauti kama shule imefunguliwa leo. Kanzu ya Imamu ilikuwa buluu kuliko zote. Akahubiri juu ya subira, macho kwangu. Baadaye akanishika mkono na kuniomba, kwa upole sana, nisirudi.

Jumamosi, 7 Juni
Habibah amebeba sufuria yake. Amesema neno moja tu: Afande.

Jumapili, 8 Juni
Nimefikiri. Kosa ni la kanzu, zinakunywa rangi ovyo. Kadija jirani ameniazima birika kubwa, linatosha kupikia sabuni mpya. Maana buluu ile isipotunzwa itapauka. Na nani anatengeneza sabuni ya kanzu za buluu peke yake? Varun? Wapi! Kiwanda kizima, moshi wote ule, hakina mteja hata mmoja wa namna hiyo.

Mimi tayari ninao arobaini.