Mti Wangu Si Mtu wa Ngara

Kabuga, Kigali

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maabara ya Vinasaba vya Miti,

Nakuandikia kwa heshima, na kwa Kiswahili nilichojifunza nikiendesha lori kwenda Dar es Salaam, kwa kuwa Daktari Wambui wa maabara yako anakielewa. Ndiye aliyekuja kwangu mwezi Machi, akachuma majani matatu ya umuyove, ule mti mrefu wa msituni uliosimama uani kwangu. Alisema anachunguza asili ya miti hiyo adimu ili isitoweke. Nilimpa chai. Sasa nalalamika:

1. Marehemu baba alitueleza kwamba aliubeba mche huo kutoka msitu wa Nyungwe, hukuhuku Rwanda, siku sita kwa miguu. Ripoti yenu inasema nasaba yake ni ya Ngara, Tanzania. Mmemwita baba mwongo, naye hayupo kujitetea.

2. Mke wangu, Illuminée, kwao ni Ngara. Aliisoma ripoti mara mbili, kisha akasema, "Kumbe watu wa Ngara humu ndani tuko wawili." Tangu siku hiyo mambo yote ya nyumbani yanapigiwa kura. Nashindwa kila mara, mbili kwa moja.

3. Shemeji yangu Tito alipiga simu kuuliza kama ndugu yake anapata maji ya kutosha. Hali yangu hakuiuliza. Akataka niweke simu kwenye shina wasalimiane. Niliishikilia dakika kumi na mbili, mvua ikininyeshea.

4. Daktari Wambui amenikataza kukata hata kitawi, eti nasaba hiyo haipatikani kwingine Kigali. Basi tawi limeingia chumbani kwetu kupitia dirishani. Illuminée anasema ndugu hafukuzwi. Nimehamia sebuleni.

Kwa hiyo naomba mpime upya, na mrudie kupima mpaka mti uwe wa Nyungwe. Ikishindikana, nipimeni mimi. Huenda nami ni wa Ngara, nikaanza kushinda kura.

Nasubiri jibu lako hapa kwenye kochi. Nisalimie Daktari Wambui, walinzi wa getini, na miti yote iliyokwisha kutajiwa kwao ni wapi.

Wako katika unyonge,
Kamanzi, dereva mstaafu

Nyongeza: Tafadhali msipime tena. Wakwe zangu wamefika asubuhi hii na ng'ombe wa maziwa, zawadi kwa ndugu yao aliyekaa ugenini miaka sitini bila kunung'unika. Kwa kuwa mti haukamui, nimekubali kumkamulia. Sayansi iheshimiwe. Nina pia miparachichi miwili ambayo haijapimwa. Daktari Wambui aje siku yoyote.