Taa ya Vifaranga na Magoti ya Everett

Jumatatu, 18 Septemba

Hakuna tabibu kama mimi jimbo zima la Maine. Wenye vyeti wanikome! Shule niliachana nayo darasa la kumi, kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini leo nimegundua jambo lililowashinda wasomi.

Kaka yangu Everett aliumwa na kupe mwaka jana. Ugonjwa wa Lyme. Dawa kameza zote, kaambiwa vijidudu vimekwisha. Basi mbona maumivu hayajaambiwa? Magoti yanamuuma. Anachoka kwa kuvaa soksi tu. Anaanza sentensi, neno linamtoroka katikati. Kila Jumanne anakwenda kliniki kwa Bi Ouellette, anafungwa mkeka wa taa nyekundu magotini. Anasema unampunguzia kidogo.

Kidogo! Jumamosi ni maonyesho, mashindano ya maksai kuvuta mzigo. Chub na Toby ni maksai wake, kawafundisha tangu ndama. Wanamsubiri. Nami nasubiri kumsikia akiwaita. Mwaka mzima sijaisikia ile sauti zizini.

Ugunduzi wenyewe: nyekundu ni nyekundu. Bibi ana taa nyekundu ya kulelea vifaranga, kubwa kama sufuria. Nimeihamisha. Sasa inaning'inia juu ya kochi la Everett. Kauliza, "Dogo, unanitibu au unanibanika?" Nimemjibu mgonjwa hachagui.

Jumanne, 19 Septemba

Bibi kawakuta vifaranga wamerundikana kona moja, wanatetemeka. Kanitafuta na ufagio. Mwishowe kaamua kwamba taa ikikaa sebuleni, vifaranga nao watakaa sebuleni. Boksi lao liko kando ya kochi. Hawakai ndani ya boksi. Everett kashinda na vifaranga tumboni, mmoja kamsinzilia kidevuni. Kacheka! Sijamsikia akicheka tangu theluji iyeyuke. Hicho kicheko nakihesabu kuwa tiba yangu.

Kliniki nimemsindikiza. Nikamwomba Bi Ouellette aniazime mkeka hadi Jumamosi. Kakataa. Eti mwanga hauponyi Lyme, ni msaidizi tu, nyuma ya dawa na mazoezi. Eti wengine unawapunguzia maumivu, wengine hauwasaidii kitu, na kuuzidisha hakuongezi lolote. Halafu kaniuliza kwa upole kwa nini kaka yangu ana manyoya masikioni.

Wivu wa kikazi.

Jumatano, 20 Septemba

Mbinu mpya! Nimepiga simu kliniki nikijifanya mgonjwa. Magoti, mgongo, usahaulifu, kila kitu. Nia ni kupata nafasi yangu, kisha nimpe Everett. Wakaniambia njoo leo leo. Everett kalala fofofo, haamshiki. Ikabidi niende mwenyewe.

Nikaingia nachechemea mguu wa kulia. Bi Ouellette kasema, pole sana, ila ulipokuwa unashuka garini ulichechemea wa kushoto. Kanifanyisha mazoezi ya kuchuchumaa mpaka jasho likanitoka. Mkeka sijauona hata kwa mbali. Nimerudi nyumbani na maumivu halali.

Getini nimemkuta Delbert Pratt, jirani na mpinzani wetu wa maksai, kinara wa kujisikia. Kaniuliza maksai wetu bado wanavuta au tumewageuza mito ya kulalia. Nikamwambia Jumamosi Everett mwenyewe atashika fimbo, wewe lete leso ya kufutia machozi. Maneno yakawa yameshatoka. Sasa lazima kaka apone.

Alhamisi, 21 Septemba

Maajabu! Nimeingia sebuleni asubuhi, Everett kakaa, kavaa viatu. Mwenyewe! Macho yake ya zamani. Kasema leo mwili umemwachia, hajui kwa nini. Twende zizini, dogo, mimi na wewe. Tuwafunge nira Chub na Toby, tuwaswage taratibu mpaka kijitoni, kama zamani.

Moyo uliniruka. Lakini tabibu hutumia kichwa. Nikamwambia kaka, nguvu hizi tusizichezee, tuziweke akiba kwa Jumamosi. Rudi chini ya taa. Kasema Jumamosi haijui, anaijua leo. Nikamwambia acha ubishi, Delbert ataniimba mji mzima. Nikamvua viatu kwa mikono yangu. Nikaongeza taa ya pili, ya banda la kuku wakubwa.

Kajilaza tena. Mchana kutwa kageukia dirisha la upande wa zizi. Chub kalia huko nje, Everett kainua kichwa, kisha kakilaza tena kwenye mto wa kochi.

Naandika: mgonjwa katulia vizuri.

Jumamosi, 23 Septemba

Everett hakuinuka. Jana pia hakuinuka. Magoti yamevimba, neno "maji" lilimpotea, akaonyesha kikombe kwa kidole. Kaniambia niende, nisiwanyime maksai siku yao. Bibi kabaki naye.

Uwanja umejaa. Nikashika fimbo, nikaigiza sauti ya Everett, nzito, ya polepole. Chub kageuza kichwa. Kanitazama, kisha katazama nyuma yangu. Toby naye. Wakasimama hivyo na nira shingoni, macho getini, wanamtafuta mwenye sauti. Mzigo wa zege haukusogea hata unene wa ukucha. Delbert kapaza sauti kutoka uzioni: wee Orrin, umewaleta kupigwa picha? Watu wakaangua kicheko.

Delbert kashinda. Nimewarudisha maksai nyumbani. Njia nzima walikuwa wananyoosha shingo.

Jumapili, 24 Septemba

Leo kaka ana nafuu kidogo. Kaomba nimshike mkono tukakae barazani, jua zuri. Nimemwambia subiri kwanza, nafunga taa ya tatu. Hesabu yangu ni sahihi, taa ndizo zilikuwa chache. Mwakani Delbert atanitambua!

Kochi limeungua pembeni, Bibi hajaona. Hilo si kitu. Kushindwa nako si kitu, hata kile kicheko cha uwanjani nimeshakimeza. Everett kaita tena, dogo, jua linaondoka. Nimemjibu nakuja, namalizia kuandika.

Alhamisi kaka yangu alipata siku moja njema, akataka tuitumie pamoja, nami nikamvua viatu. Hicho tu ndicho kilichoharibika kweli.