Mwizi wa Maji ya Jumanne

Jumatatu, 3 Februari

Andika, Elinipendo, mkwe wangu. Mimi sikusoma, lakini kesi nazijua. Mwaka ule wa njaa nilimkamata mwizi wa kuku kwa kumkalia. Mwanaume mzima, na ndevu zake! Nikamkalia mpaka balozi akaja. Siku hizo nilikuwa na uzito wa maana. Haya, tuendelee.

Kesi yenyewe ni maji. Kihamba changu, hili shamba la nyumbani, ndicho cha mwisho kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Zamu yangu ni Jumanne, asubuhi mpaka saa sita. Sasa Jumanne tatu mfululizo maji yananijia kama mkojo wa mtoto. Na nina miche sitini ya kahawa, nimeipanda pale marehemu mume wangu aliponiachia visiki vitupu. Imeanza kuwa ya njano. Bila maji wiki hizi mbili, nitang'oa kuni.

Nilimwambia Shedrack, katibu wa mfongo. Akasema nisubiri kikao. Kikao! Nina miaka sabini na sita. Kikao ni mimi.

Mtu wangu ninaye tayari. Wenseslaus, mzee Mkatoliki wa kihamba cha juu yangu. Zamu yake Jumatatu. Ukame wote huu, kabichi zake zinang'aa. Kabichi haziwi vile kwa rozari.

Jumanne, 4 Februari

Kumekucha tu, niko kazini. Fimbo. Filimbi ya skauti ya mwanangu Eliamini. Kopo la jivu. Nikajibanza kwenye ua wa masale, mimea ile ya mpakani. Goti likauma. Siafu wakanipata. Kimya. Mtu wa kazi halii.

Saa moja, huyo! Kainama mfongoni na jembe, kanipa mgongo. Nikapuliza filimbi, nikammwagia jivu lote. Akageuka. Shedrack.

Kumbe alikuwa anazoa takataka ili maji yanifikie. Nikamwambia kosa ni lake, mtu mwema anafanya kazi uso wake ukionekana. Akanawa macho kwa yale maji yangu machache. Kisha akatamka mbele ya watu walioitwa na filimbi: Jumanne ijayo sifunguliwi maji mpaka nimpelekee jani la isale la kuomba msamaha.

Isale si mchezo. Ukiletewa lile jani, huruhusiwi kukataa kusamehe. Na mimi tangu niolewe hapa Masama sijampelekea mtu. Huwa naletewa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimempata mwizi! Nilifuata mfongo hatua kwa hatua, goti na yote. Ni tundu. Liko kwenye ukingo wa udongo kati ya mfongo na mtaro wa Wenseslaus, upana wake kama sufuria ya ugali. Tope bado bichi mpaka kwenye kabichi.

Tundu lile nalifahamu. Nililichimba mwenyewe, Jumapili moja ya Desemba, Wenseslaus yuko misa. Nia ilikuwa Jumatatu maji yake yavujie mfongoni, yanidondokee kidogo. Kidogo tu! Lilikuwa la kikombe. Sasa limeliwa na maji, limepanuka, likainamia upande wake. Tone la Jumatatu silipati, na la Jumanne linanihama.

Elinipendo ameacha kuandika, ananitazama. Andika. Mimi nilitaka kidogo, yeye amepokea mengi. Nani mwizi hapo?

Nimeliziba kwa kipande cha mgomba na udongo. Bado Shedrack. Jani sipeleki. Miche mitano imeshakauka.

Jumapili, 9 Februari

Tunatoka ibadani, Wenseslaus huyo uani. Koti la misa, jani la isale mkononi, kabichi mbili kwapani. Nikajua amejua. Nikashika fimbo vizuri.

"Mama Eliamini," akasema, "nimeona pale palipozibwa. Ni Jovin wangu huyo. Nimemuuliza anakataa, lakini nani mwingine? Tusamehe."

Jovin ni mwanawe, hubeba mizigo ya wageni mlimani. Desemba nzima alikuwa huko. Elinipendo akakohoa. Nikamwambia akaweke chai.

Nikaegemeza fimbo. Kisha nikapokea jani. Mila ni mila.

"Vijana wa siku hizi, Meku, mzee wangu," nikamwambia. "Usimseme sana."

Mzee wa watu akafuta machozi. Kabichi tumezipika na nyama, tamu.

Jani lenyewe bado lilikuwa bichi. Nikamtuma Elinipendo alipeleke kwa Shedrack, aseme ni langu. Kwani si langu? Nimepewa.

Jumanne, 11 Februari

Maji! Mfongo umejaa mpaka ukingoni. Miche hamsini na mitano imekunywa, mingine imeanza kusimama. Shedrack kaja mwenyewe kunifungulia. Kazi yote ameifanya ananitazama mimi, kinyumenyume, mpaka akakanyaga mtaroni. Akasema lile jani limemgusa, na kamati imenichagua niwe mlinzi wa mfongo. Nimekubali. Walichelewa.

Nasikia Jovin hasemi na baba yake. Yataisha.

Elinipendo ananiuliza, mama, na haya yote umejifunza nini? Nimejifunza. Tundu linataka kizibo. Unafungua siku ya mwenzako, unafunga siku yako. Hapo ndipo nilipokosea.

Margareta wa pembeni zamu yake ni Jumatano, ukingo wake ni mwembamba, na Jumapili anaimba kwaya ibada zote mbili. Mimi Jumapili hii goti litauma, sitaenda. Kizibo nimeshachonga, cha mparachichi.